Kuni Zisizotoa Moshi: Mwongozo Kamili wa Kukata, Kuchanja na Kukausha Kuni za Shamba Lako

Kila mvua za Novemba zinapoanza, maswali ni yale yale: "Nilikata kuni tangu mwezi uliopita, nikazifunika vizuri kwa turubai, mbona haziwaki?" Ukiingia jikoni kwa muulizaji unapata jibu kabla hujakaa. Ncha ya ukuni iliyo nje ya mafiga inatoa povu, maji yanachuruzika, chumba kimejaa moshi na mpishi anafuta macho kwa pindo la kanga.

Mti hauna kosa. Kuni hizo zilikatwa kwa kuchelewa, hazikuchanjwa, kisha zikafungiwa pamoja na maji yake.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye miti yake, hata kama ni mistari michache ya mpakani. Mifano nimeichukua Nyanda za Juu Kusini, Njombe na Mufindi, ambako kuni nyingi ni za mlingoti (wengine mnauita mkaratusi) na mwati, na mvua ni msimu mmoja, Novemba hadi Aprili au Mei. Wewe wa Lushoto, Kilimanjaro au Kenya, mwenye masika na vuli, kata mara tu masika yanapoisha ili upate miezi mikavu ya katikati ya mwaka.

## Jambo la kuelewa kwanza: maji

Mti ukiangushwa leo, karibu nusu ya uzito wake inaweza kuwa maji. Ukuni wa kupikia unatakiwa ubaki na maji chini ya asilimia 20.

Watu hudhani hasara ni ule moto unaotumika kukausha maji hayo. Hasara hiyo ipo, lakini kubwa zaidi ni kwamba maji yanapoza moto. Ukuni ukipata joto hutoa gesi, na gesi hizo ndizo zinazowaka kama ndimi za moto. Zinahitaji joto la takriban nyuzi 600 za Selsiasi ili ziungue sawasawa. Moto uliopozwa na maji haufiki huko, kwa hiyo gesi zinatoka bila kuungua. Huo ndio moshi unaokutoa machozi. Umekata mti, umebeba, umechanja, halafu sehemu nzuri ya moto wako inapita dirishani.

## Vifaa

Viandae vyote kabla hujagusa mti:

- Shoka la kukatia, lenye makali membamba.
- Shoka la kuchanjia, zito na nene mgongoni. Huna? Tumia kabari mbili za chuma na nyundo kubwa.
- Msumeno wa mkono wenye meno makubwa. Ule wa upinde unatosha kwa miti myembamba.
- Panga la kusafisha matawi.
- Tupa ya kunolea.
- Kamba imara, isiyopungua mara mbili ya urefu wa mti.
- Buti ngumu. Kandambili hapana, hata kama ndiyo mazoea.
- Miwani ya kukinga macho. Kibanzi cha mlingoti mkavu kinaruka kwa kasi.
- Tairi kuukuu la gari dogo. Kazi yake utaiona hatua ya 5.
- Nguzo za kuinulia rundo, na mabati chakavu ya juu.
- Mtu wa pili.

Hilo la mwisho si la kujaliza orodha. Usiangushe mti peke yako, hata ukiwa mwembamba.

Msumeno wa mnyororo sikuuweka makusudi. Ni chombo cha mtu aliyefundishwa na mwenye mavazi ya kinga. Kama miti yako ni minene, mlipe fundi aangushe na kukata vipande, wewe endelea kuanzia kuchanja.

Kagua mpini wa shoka. Ukicheza, usiuloweke kwenye ndoo ya maji kama wengi wanavyofanya. Utavimba leo na kulegea zaidi ukishakauka, na kichwa cha shoka kitaruka siku ambayo mtoto amesimama nyuma yako. Gongea kabari ndogo juu ya mpini, au weka mpini mpya.

## Hatua ya 1: Piga hesabu ya mwaka mzima

Anayekata kuni za wiki hii ataungua macho mwaka mzima, maana kila wiki atakuwa na kuni mbichi. Unakata za mwaka ujao.

Pima kwanza unazotumia. Weka kando kuni kavu kilo 10, pikia hizo tu, uone zinakwisha baada ya siku ngapi. Tuseme nyumba yako inatumia kilo 5 kwa siku. Kwa mwaka ni kilo 1,825.

Mita moja ya ujazo ya kuni kavu za mlingoti zilizopangwa vizuri ina takriban kilo 350 hadi 450. Kwa hiyo nyumba hiyo inahitaji kama mita 5 za ujazo. Ukikata kuni za urefu wa sentimita 50 na kuzipanga kwa kimo cha mita 1, utahitaji safu yenye urefu wa mita 10. Nenda uani upime kwa hatua uone itakaa wapi. Wengi hukosea hapa, wanakusudia kuni za mwaka na kuandaa nafasi ya mwezi mmoja.

## Hatua ya 2: Ruhusa, kisha chagua mti

Mti ni wako, sawa, lakini pitia kwa mtendaji wa kijiji au ofisa misitu kabla hujaanza. Kwa Tanzania, Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inalinda baadhi ya miti ya asili. Ukipanga kusafirisha kuni kwa gari, uliza kuhusu hati ya kusafirishia mazao ya misitu inayotolewa na TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania), usije kuulizwa getini ukiwa na gari limejaa. Na usiguse miti iliyo kando ya mto: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka ukanda wa mita 60 usiofanyiwa shughuli za kuuharibu.

Kwa kazi ya mikono chagua miti yenye unene wa sentimita 10 hadi 20. Inaangushwa kwa usalama, inachanjika, inabebeka. Anza na iliyopinda, iliyobanana na iliyovunjika kilele. Iliyonyooka iache ikue iwe nguzo, bei yake ni nzuri kuliko kuni.

Kuhusu aina: mwati unatoa moto mkali na makaa mazuri. Mlingoti ni mzito na unadumu motoni. Mgrivea ni mwepesi, unawaka upesi na kwisha upesi, na ni vizuri zaidi kuvuna matawi yake na kuacha shina liendelee. Msindano una utomvu mwingi na unajaza sufuria masizi, ila vipande vyake vyembamba vinawasha moto haraka. Mnyaa usiuguse kabisa kwa kuni, utomvu wake mweupe ukiingia machoni unaumiza vibaya.

Wakati: mwishoni mwa Aprili hadi Mei, mvua zinapopungua. Udongo bado una unyevu, kisiki cha mlingoti kitapata nguvu ya kuchipua, na una miezi mitano hivi mikavu mbele yako. Ukikata Septemba umebaki na wiki chache tu kabla ya mvua.

## Hatua ya 3: Angusha mti

Simama mbali kidogo uuangalie mti wote, kuanzia chini hadi kileleni. Umelalia upande gani? Upepo unatoka wapi? Kuna tawi kavu limenasa juu? Tawi kavu linaloning'inia ni hatari kuliko shina lenyewe, kwa kuwa linadondoka bila kutoa sauti. Kukiwa na nyaya za umeme ndani ya urefu wa mti, acha. Toa taarifa TANESCO.

Kisha:

1. Fyeka kuzunguka shina, na fyeka njia mbili za kukimbilia. Ziende nyuma kwa mshazari, si nyuma moja kwa moja, maana shina linaweza kurudi nyuma kama mkuki.
2. Upande unaotaka mti uangukie, kwenye kimo cha goti, kata mdomo, yaani pengo la umbo la kabari, wenye kina cha robo ya unene. Kwa mti wa sentimita 20, mdomo una kina cha sentimita 5.
3. Nenda upande wa pili, kata kwa msumeno sentimita 2 au 3 juu ya sakafu ya mdomo.
4. Usikate mpaka mwisho. Acha ukanda wa sentimita 2 hivi kati ya mikato miwili. Ukanda huo ni bawaba. Ndio unaouongoza mti. Ukiumaliza, mti unaanguka unakotaka wenyewe.
5. Ukisikia mlio wa kwanza wa kuvunjika, toa msumeno au uache, ondoka kwa njia uliyoifyeka. Usisimame kutazama.

Mlingoti uliolala sana upande mmoja usiuangushe mwenyewe. Shina lake linaweza kupasuka kwenda juu kabla mkato haujakwisha, na kipande cha nyuma kikarushwa usawa wa kifua. Mpe mzoefu.

Mti ukinasa kwenye mwingine, usipite chini yake, usiupande, na usikate ule ulioushikilia. Funga kamba kwenye kitako chake, mvute wawili kurudi nyuma mkiwa mbali. Ukigoma, weka alama, zuia watoto na mifugo, kisha tafuta nguvu zaidi.

Na ulanzi (pombe ya mianzi) ni wa jioni, shoka likishawekwa ndani.

Umefanikiwa kama mti umelala ulipopanga, bawaba imepasuka sawasawa na kisiki hakikuchanika.

## Hatua ya 4: Acha na majani, kisha kata vipande

Hapa pana ujanja mdogo ambao wengi hawautumii. Usikate matawi siku hiyo hiyo. Mti uliolala na majani yake unaendelea kupoteza maji kupitia majani, bila wewe kufanya kitu. Uache wiki moja hadi mbili, majani yanyauke. Unabeba uzito pungufu, na anayebeba kichwani atakushukuru.

Usizidishe muda huo. Mlingoti ukikauka ukiwa gogo zima unakuwa mgumu mno kuchanja. Na kama shamba lako liko kando ya njia, rudi mapema. Mti uliolala hauna mlinzi.

Safisha matawi kwa panga ukiwa upande mmoja wa shina na tawi liko upande wa pili, ili panga likiteleza likutane na shina, si mguu. Matawi yenye unene wa kidole funga matita ya kuwashia. Majani na vijiti viache shambani vioze.

Urefu wa vipande unategemea jiko. Mafiga yanapokea sentimita 50 hadi 60. Jiko banifu la udongo linataka 30 hadi 40. Chukua kijiti, kikate kwa urefu unaotaka, kitumie kupimia kila kipande. Kuni zenye urefu mmoja zinapangika, za urefu tofauti zinaporomoka.

Msumeno ukibanwa, tatizo ni jinsi gogo lilivyokaa. Likiwa limeegemezwa ncha zote mbili, katikati linajikunja kwenda chini na kuubana msumeno kutoka juu: kata juu theluthi moja, malizia kutoka chini. Likiwa na ncha inayoning'inia, fanya kinyume chake. Bora zaidi, funga miti miwili kwa umbo la X, mara mbili, uweke gogo juu yake na ukate ile ncha iliyo nje.

## Hatua ya 5: Chanja, tena mapema

Kama utafuata hatua moja tu katika mwongozo huu, iwe hii.

Maji ndani ya mti husafiri kwa urahisi kufuata nyuzi, kutoka ncha hadi ncha, na kwa shida sana kwenda pembeni. Gome nalo limetengenezwa kuzuia maji yasitoke. Kipande kirefu, kizima, chenye gome ni chupa iliyozibwa. Kipande kifupi kilichochanjwa kimefunguliwa pande zote.

Chanja ndani ya siku chache baada ya kukata vipande. Kila kipande chenye unene unaozidi kifundo cha mkono kipasuliwe. Lengo ni kuni za sentimita 4 hadi 6. Chache ziache nene kidogo kwa ajili ya maharage na makande.

Tafuta kigogo kipana cha kuchanjia, kimo chake chini ya goti. Weka tairi juu yake, simamisha kipande ndani ya tairi. Ukichanja, vipande vinabaki vimesimama humo humo. Huinami kuviokota, na haviruki kwenda miguuni.

Simama miguu imeachana kwa upana wa mabega, tena usawa mmoja. Ukitanguliza mguu mmoja, shoka likikosea linajua pa kwenda. Soma kipande kabla ya kupiga: juu utaona nyufa ndogo zinazotoka kwenye kiini. Fuata ufa huo. Kipande kinene usikipige katikati, kimenye kutoka pembeni kwanza. Mikono isukume shoka chini, magoti yakunjike kidogo wakati wa kupiga.

Mlingoti mwingi una nyuzi zilizojisokota. Shoka linaingia, linashikwa, halitoki. Usilitikise kwa hasira hadi mpini uvunjike. Gonga kabari kwenye ufa huo huo, sentimita chache mbele, ufa ukipanuka shoka linajitoa. Usigonge mgongo wa shoka jembamba kwa nyundo. Tundu la mpini litafunguka.

Vipande vyenye vifundo usipoteze nusu siku navyo. Viweke kando, vitafaa kwa sufuria la sherehe au kwa moto wa usiku wa baridi ya Julai.

Noa shoka unapopumzika. Shoka butu halichanji, linadunda, na likidunda linakuja kwako.

## Hatua ya 6: Panga kwa ajili ya upepo

Kinachokausha kuni ni hewa inayopita, jua linasaidia tu. Ndiyo maana rundo lililotupwa uani, hata juani, linaoza katikati.

- Laza nguzo mbili chini, sentimita 15 hadi 20 kutoka ardhini, juu ya mawe. Chini hapo ndipo mchwa na unyevu wanapoingilia. Kagua kila wiki, bomoa njia za mchwa kwenye mawe.
- Panga safu moja tu ya kuni kwa upana. Ukitaka safu mbili, acha nafasi ya kupitisha mkono katikati.
- Ncha za kuni zielekee upepo unakotoka.
- Ukiwa karibu na ukuta, acha sentimita 15 au zaidi.
- Mwanzo na mwisho wa safu panga kwa kupishana, mbili hivi, mbili vile, ili zishikilie safu nzima. Usizidi mita 1.2 kwenda juu, hasa kama kuna watoto.
- Kuni zilizobaki na gome, zile za safu ya juu kabisa zipangwe gome likitazama angani.

Funika juu tu. Bati lililoinama kidogo linatosha. Turubai lililoshuka mpaka chini pande zote linarudisha mvuke ule ule kwenye kuni, na baada ya wiki tatu utafunua ukute ukungu mweupe. Hapo ndipo walipofikia wengi wa wale wanaoniuliza.

Ukipita kando ya rundo ukaona mwanga wa upande wa pili katikati ya kuni, limepangwa sawa.

## Hatua ya 7: Pima, usikisie

Kuni za mlingoti zilizochanjwa saizi hiyo, zikipata kiangazi chote, kwa kawaida huwa tayari baada ya miezi minne hadi sita. Magogo mazima hukaa zaidi ya mwaka. Lakini kijiji hadi kijiji hali ya hewa inatofautiana, kwa hiyo tumia mizani.

Siku ya kupanga, chukua kuni tatu, zichonge alama kwa kisu, zipime, andika uzito ukutani kwa mkaa. Zirudishe katikati ya rundo. Kila baada ya wiki mbili zipime tena. Mwanzoni zitashuka haraka. Ukuni wa kilo 2 unaweza kuishia kilo 1.2 hivi. Uzito ukigoma kushuka mara mbili mfululizo, zimekauka kadiri hewa ya hapo inavyoweza.

Huna mizani? Gonganisha kuni mbili. Kavu zinatoa mlio mkali na mwepesi, mbichi zinatoa kishindo kizito. Angalia ncha: kavu ina nyufa zinazotoka katikati kama miali, na gome linabanduka kwa kidole. Halafu pasua moja, gusisha upande wa ndani shavuni. Ubaridi wa unyevu utausikia, shavu linajua kuliko kiganja chenye sugu.

## Hatua ya 8: Kuzileta jikoni

Kabla ya mvua ya kwanza, hamishia kuni chini ya paa lenye kuta wazi, za zamani mbele, mpya nyuma. Ukichomoa kuni, anza juu, na gonga rundo kwa fimbo kwanza. Nyoka na ng'e wanalipenda sana.

Jikoni weka za wiki moja tu. Uchaga wa juu ya mafiga ni mzuri kumalizia unyevu, ila uwe juu kiasi kwamba ndimi za moto haziufikii hata sufuria likiondolewa. Usiutegemee kukausha kuni mbichi kabisa. Utapata kuni nyeusi nje, mbichi ndani.

Ukiwasha, zikiwa zimekauka sawasawa, moshi utatoka dakika chache za mwanzo halafu utapungua sana. Ncha ya nje itabaki kavu, bila povu. Zikiendelea kufuka, kabla hujalaumu kuni, punguza idadi yake motoni na uondoe majivu. Moto uliosongwa nao unafuka hata kwa kuni kavu.

## Kisiki kisisahauliwe

Siku ile ile ya kuangusha mlingoti, rudi kwenye kisiki. Kipunguze kwa msumeno hadi sentimita 10 au 15 kutoka ardhini, mkato ulale mshazari ili mvua isituame. Usikibandue gome, kwa sababu machipukizi yanatokea chini yake. Ondoa matawi yaliyokifunika, na zuia mbuzi.

Mwati haufanyi hivyo. Kisiki chake huchipua kwa shida, lakini mbegu zilizolala ardhini zitaota zenyewe, hasa palipopita moto, na kazi yako itakuwa kupunguza miche.

Kwenye mlingoti, kisiki kimoja kitatoa machipukizi mengi. Yakipita kimo cha mtu, acha mawili au matatu yenye nguvu, yaliyoshika chini na yanayotazama pande tofauti, ikiwezekana upande upepo unakotoka ili yasing'olewe. Mengine yakate, yafunge matita, yaweke juani. Hizo ndizo za kuwashia za msimu unaofuata.